Pedi Mbili Kwenye Mapaja ya Ata

Kriiii. Halafu kimya kidogo, halafu kriiii tena, nyembamba kuliko ya kwanza. Hata sasa, gari likipita mahali na kutoa sauti ile, mguu wangu wa kulia unakaza wenyewe, hata kama nimeketi kitandani.

Siku ya kwanza kuisikia nilikuwa nashuka kuelekea daraja la Turkwel, hapa Lodwar. Nyuma nilikuwa nimebeba magunia mawili ya samaki wakavu, na kando yangu mama mwenye samaki akitafuna njugu. Kila nikikanyaga breki, sauti ile inatoka gurudumu la mbele upande wa kulia na kuingia kwenye meno. Mama akaacha kutafuna.

"Ni nini hiyo inalia?"

"Ni breki, mama. Inaomba pedi mpya."

"Basi inunulie. Mimi bado nina watoto wa kulea."

Nikacheka, maana mimi ni mtu wa kucheka. Lakini hiyo ilikuwa Jumapili, na mimi nililihitaji gari lile Alhamisi, siku nne tu mbele.

Gari lilikuwa la baba. Steshenwagoni nyeupe, boneti imebabuka kwa jua, kiti cha dereva kimezama upande mmoja kufuata mwili wake. Ugonjwa ulipomchukua, ndugu walitaka kuliuza, mimi nikakataa. Shule nilikuwa nimeiachia kidato cha pili, lakini gari nilikuwa nimejifunza nikiwa bado siwezi kuona mbele bila kukalia mto. Ndoto yangu, ambayo nilikuwa namwambia kila mtu bila kuulizwa, ilikuwa siku moja kuendesha lori refu, yale ya magurudumu mengi yanayopita Kakuma kwenda Loki, mpakani, na kuvuka hadi Juba. Watu walinisikiliza kama unavyomsikiliza mtoto anayesema ataoa mwezi.

Alhamisi ilikuwa ya nyanya yangu, mama yake baba. Kwetu nyanya tunamwita Ata. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, weupe kama maziwa yaliyoganda, na alikuwa akitutambua kwa miguu tunavyokanyaga mchanga. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Kakuma kwa siku mbili. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya Alhamisi, saa tatu asubuhi. Ijumaa ilikuwa imejaa. Aliyekosa zamu yake angengoja mpaka warudi, na nilipouliza watarudi lini, mama aliyekuwa akiandika majina aliinua mabega tu.

Mara ya mwisho walipokuja Ata alikataa kwenda. Safari hii alikubali, kwa sharti moja.

"Nitaenda na gari ya mwanangu. Hizo zingine sijui zimezaliwa wapi."

Kwa hivyo pedi zilikuwa lazima. Jumatatu nikanunua seti mjini, vipande vinne kwenye boksi, na Jumanne asubuhi, kabla mchanga haujaanza kuchoma, nikaanza kazi uani.

Fundi wa Kakuma, Mkongomani mmoja aliyenifundisha mengi kwa kunikemea, alikuwa ameniambia mambo mawili juu ya pedi: zisiguswe na mchanga, zisiguswe na mafuta. Mafuta sikuyaogopa. Mchanga ndio niliuogopa, kwa sababu uani kwetu hakuna kingine. Niliweka ubao mpana chini ya jeki isizame, nikaweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, nikalegeza nati, nikainua, nikasukuma tairi la akiba chini ya bodi, jeki ikiteleza gari lisinilalie. Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, alikuwa ameketi kivulini na redio yake, akiniangalia kama anayengojea kitu kianguke.

"Msichana na jeki," akasema. "Mume atakayekuoa atakuwa anapika."

"Na apike vizuri, baba mdogo, maana nitakuwa nimetoka Juba nikiwa na njaa."

Ata akacheka. Alikuwa kwenye kigoda chake karibu na gurudumu la kulia, amejifunga shuka, shanga zake zimejaa shingoni hadi kidevuni.

Nilianza na gurudumu la kushoto, lile lisilolia, ili kama ni kukosea nikosee huko. Pedi mbili nikabaki nazo mimi. Zile mbili nyingine nilitafuta pa kuziweka. Boksi lilikuwa limeraruka. Kwenye boneti upepo ulikuwa unamwaga vumbi. Ndipo nikaona mapaja ya Ata, na shuka safi.

"Ata, nishikie hizi. Zisiguse chini hata kidogo."

"Ni nini?"

"Ni za gari. Ni mpya."

Ni hivyo tu nilivyosema. Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kichwani, na kila mara naona palikuwa na nafasi ya kuongeza mengine.

Nikalala ubavu kwenye gunia. Kile chuma kinachobana diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, mafundi wanakiita kalipa. Unafungua bolti yake ya chini, unakiinua kama mdomo wa kiboko, unakifunga kwa waya kisininginie kwenye paipu yake. Pedi kuukuu zikatoka, bado zina nyama. Nikarudisha pistoni ndani kwa klampu, polepole, huku nimefungua kifuniko cha mafuta ya breki pale juu ili yapate pa kupanda. Nilikuwa na furaha ya ajabu. Mikono inauma na mimi naimba. Huko ng'ambo ya gari nikasikia Ata ananong'ona, maneno ya polepole ya kuombea, "iende, irudi, iende, irudi." Nikafikiri anaombea macho yake.

"Amina!" nikapaza sauti kutoka chini ya gari.

"Amina," akajibu.

Nilipohamia upande wa kulia nikaona kilichokuwa kikilia. Pedi ya ndani ilikuwa imeisha kabisa, chuma kinasaga chuma. Nikapokea zile mpya kutoka mikononi mwa Ata. Zilikuwa zinang'aa. Niliziona, sitasema sikuziona. Lakini bearingi mpya huja na grisi, na spea ngapi nimezifungua zikiwa zimepakwa kitu kiwandani, nikaona hata hizi ni hivyo hivyo. Nilikuwa na haraka ya kumaliza nikiwa bado ninaimba. Nikazipachika, nikafunga bolti, nikarudisha gurudumu, nikaingia ndani na kupampu pedali mpaka ikawa ngumu chini ya mguu.

"Haya," nikamwambia baba mdogo, "njoo uone msichana na jeki."

"Nitaona kutoka hapa."

Mbele ya boma letu kuna uwanja mpana hadi ukingo wa laga, mto mkavu ambao watoto huchezea mpira. Hakukuwa na mtu. Nikaenda taratibu, nikaongeza mwendo kidogo, nikakanyaga breki.

Gari halikusimama. Lilivutwa kushoto kama ng'ombe aliyefungwa kamba ya pua, nikapigana na usukani, tukaingia pamoja kwenye ua wa miiba wa jirani, mimi na gari la baba. Mbuzi wakatawanyika. Taa moja ikapasuka. Halafu kutoka gurudumu la kulia ukapanda moshi mwembamba wa buluu, na harufu yake haikuwa ya mpira wala ya chuma.

Baba mdogo alifika akikimbia, redio mkononi. Akanusa.

"Nani anachoma kondoo?"

Nikatoka nikapiga magoti, nikasogeza uso karibu na gurudumu. Ilikuwa kweli kondoo. Mafuta ya mkia. Nikageuka nikamtazama Ata kule kwenye kigoda, akiwa ametega sikio upande wetu, na mkononi ameshika kile kikopo cha plastiki cha mafuta ya kujipaka ambacho tangu nimjue hajatia ndani kingine ila mafuta ya kondoo. Kwa Ata kitu kipya hakianzi safari kikiwa kikavu. Mtoto hupakwa, fimbo hupakwa, mimi mwenyewe nilipakwa siku ya kwanza ya shule, nikafika darasani nzi wananifuata. Na mimi nilikuwa nimemkabidhi vitu vipya viwili, siku mbili kabla ya safari yake.

"Mmefika wapi?" Ata akauliza kwa sauti.

"Hapa tu, Ata!" nikajibu. "Nimesalimia mbuzi wa jirani."

Tangu hapo sikutulia. Nilizitoa pedi zile mbili na kumpigia fundi wa Kakuma. Nilimweleza, akacheka mpaka akakohoa, halafu akaacha kucheka.

"Dada, hiyo imekufa. Pedi inakunywaka mafuta. Unaweza sugua, unaweza choma, ile yenye iko ndani itatoka tu wakati uko mbio."

"Kidogo tu ilipakwa."

"Na utabeba mama mzee ndani? Apana, dada. Apana."

Baba mdogo alisema Wakongomani wanapenda kutisha watu. "Choma kwa makaa, sugua msasa, osha petroli. Sisi tumeendesha magari bila breki kabisa."

"Na yako wapi hayo magari, baba mdogo?"

Akaongeza sauti ya redio. Lakini nilijaribu, kwa sababu nilitaka sana aliyosema yawe kweli. Nikaweka pedi moja kwenye jiko la makaa. Ikatoa moshi, nikaisugua ikakauka, nikafurahi. Nikairudisha kwenye moto na mafuta yakajitokeza tena juu, vitone vidogo vidogo, kama jasho kwenye pua. Mara tatu. Baada ya mara ya tatu nikaitupa.

Mwenye duka la spea alisema seti yangu ilikuwa ya mwisho. Nyingine itatoka Kitale, Jumatano, kwa basi. Pesa nilizokuwa nimeweka za kujisajili kusomea leseni ya lori nikazitoa kwenye simu bila hata kutazama kilichobaki.

Jumatano nilikuwa kituoni kabla ya saa sita, na basi hufika jioni. Nilikaa, nikasimama, nikanunua chai nikaiacha. Nilirudi nyumbani mara mbili bila sababu. Kila nikiingia, Ata ananisikia.

"Miguu yako leo ina nini? Gari si limepona?"

"Limepona, Ata."

"Basi kaa."

Baba mdogo akanivuta kando ya nyumba. Safari hii hakuwa akitania.

"Usimwambie. Unanisikia? Ukimwambia baraka yake ndiyo imeharibu gari ya mwanawe, hapandi. Ataona ni kitu kimekataa safari. Unamjua."

Nilimjua. Na kabla ya hapo sikuwahi kumficha Ata kitu, hata vile vya kufichwa. Nikarudi kituoni. Nikampigia kondakta. "Tuko Kalemng'orok," akasema, "tairi imetoboka." Nikapiga tena, bado wako Kalemng'orok. Mara ya tatu akaniuliza kama ndani ya boksi langu kuna mtoto.

Basi liliingia jua likizama. Nililala nimelikumbatia boksi kama mjinga, na kulipopambazuka tu nilikuwa uani, gari juu ya jeki, nimeshaosha diski kwa sabuni na kuipangusa kwa petroli na kitambaa safi, mara mbili. Nilikuwa nabadilisha pande zote mbili ili zifanane. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni mwendo wa saa moja na nusu ukienda kwa adabu. Nilikuwa na muda, ila mdogo.

Nikasikia kigoda kikiburutwa. Ata alikuwa ametoka, amevaa tayari, shanga zote, amejifunga shuka la safari. Akaweka kigoda mahali pale pale karibu na gurudumu la kulia, akaketi, akafungua kile kikopo na kukiweka kando ya mguu. Halafu akanyoosha mikono miwili mbele, viganja juu.

"Nimesikia jeki. Nipe niwashike tena, hao wa gari."

Nilisimama na spana. Baba mdogo, mlangoni kwake, alikuwa akinitikisia kichwa kwa nguvu: hapana, hapana. Ningeweza kumpa zile kuukuu azipake. Wazo hilo lilikuja, tena lilikuja limevaa vizuri. Angezipaka, angefurahi, angepanda. Lakini mikono ile ilikuwa wazi mbele yangu, na mimi ndiye niliyekuwa naona.

Nikachuchumaa.

"Ata, siku ile uliwapaka mafuta."

"Ndiyo."

"Hizi hazitakiwi mafuta. Zikipakwa zinateleza. Gari liliingia kwenye ua wa jirani kwa sababu hiyo. Hizi hapa ni zingine, zimetoka Kitale jana."

Mikono yake ikabaki pale pale. Nilisikia jogoo, nikasikia redio ya baba mdogo ikizimwa.

"Kazi yao ni nini?" akauliza.

"Nani?"

"Hao. Watoto wa chuma."

"Ni za kusimamisha gari, Ata."

"Kusimamisha?" Akageuza uso kunielekea. "Mimi nilidhani ni viatu. Nikaombea waende."

Mimi huwa nacheka kwa kila kitu, lakini hapo nilishindwa. Ata hakucheka pia. Akakunja mikono, akairudisha mapajani, akainama akatafuta kifuniko cha kikopo kwa vidole, akakifunga. Nikajua sasa ataingia ndani, na saa tatu mtu wa Kakuma ataita jina lake na kuliruka.

"Ulisema ni za gari," akasema. "Hukusema ni za nini."

"Sikusema."

"Baba yako pia alikuwa hivyo. Niliisikia gari ikienda, nikaisikia ikirudi. Nikimuuliza inatembeaje, anasema, mama, utaelewa nini." Akakisukuma kikopo kando, jua linapanda. "Nieleze."

Nikamweleza. Huku mikono ikifanya kazi, mdomo ukafanya kazi. Nilimshikisha diski kabla sijaipangusa mara ya mwisho. Nilimshikisha pedi kuukuu, upande ulioisha na upande uliobaki. Nilimwambia ni kama viganja viwili vinavyobana fimbo inayozunguka, na akabana mkono wangu ili ahakikishe ameelewa, akanibana mpaka nikasema basi.

"Kwa hivyo ni mikono," akasema. "Na mikono yenye mafuta haishiki."

"Haishiki, Ata."

"Hilo hata mimi najua. Nimekamua mbuzi miaka yote." Akavuta pumzi. "Nishike nini kisichoharibika?"

Nikampa nati za gurudumu, tano, kwenye shuka lake. Nilipomaliza kupachika na kufunga, nikarudisha gurudumu, na kila nilipohitaji nati nilinyoosha mkono nyuma bila kuangalia, naye akaiweka kiganjani mwangu. Baba mdogo alikuja akasimama juu yetu, akaondoa mawe nyuma ya magurudumu bila kuambiwa.

"Haya, mafundi," akasema.

Nilipampu pedali. Nikalizungusha gari uwanjani peke yangu, taratibu, nikasimama, nikasimama tena kwa nguvu zaidi. Lilikwenda sawa. Nikamchukua Ata.

Njiani aliketi mbele, mkono mmoja kwenye dashibodi. Nikipunguza mwendo kwa ajili ya ngamia au matuta, anauliza, "Ni hao sasa?"

"Ni hao, Ata."

"Wameshika?"

"Wameshika."

Baadaye akawa anajua kabla sijajibu. Anainamisha kichwa kidogo na kusema, "Hapo wameshika." Mwanamke mmoja tuliyemsimamia barabarani kumpa maji alimsalimu, "Ejok, Ata, unaenda wapi umependeza hivyo?" naye akajibu kwamba anajaribu gari.

Tulifika Kakuma dakika chache kabla ya saa tatu. Kulikuwa na watu wengi chini ya turubai, wazee kwa vijana, Waturkana, Wasudani, mama wa Kisomali aliyeshikwa mkono na binti yake. Nilikuwa bado namtafutia Ata pa kuketi jina lake lilipoitwa. Muuguzi alimshika kiwiko. Alitaka kumvua shanga, Ata akakataa, wakabishana kwa lugha mbili, shanga zikabaki. Pale kwenye pazia muuguzi akaniambia jamaa wabaki nje.

"Kaa," Ata akaniambia bila kugeuka. "Nasikia miguu yako."

Pazia likafungwa. Nilijaribu kukaa. Kulikuwa na benchi, kulikuwa na nafasi. Nilikaa muda wa kuhesabu vidole vya mkono mmoja, halafu nikasimama, nikatoka hadi nilipoegesha gari kwenye jua, karibu na ukuta.

Magurudumu mawili yakishika sawa, yanapata joto sawa. Moja likizembea, linabaki baridi na lile jingine linaungua kwa kazi ya wawili. Nikachuchumaa kwenye gurudumu la kushoto, nikaweka mgongo wa mkono karibu na rimu, kama unavyompima mtoto homa. Joto. Nikazunguka mbele ya boneti, nikachuchumaa upande wa kulia, nikaweka mgongo wa mkono ule ule. Joto lile lile. Nikarudi kushoto. Nikarudi kulia, na safari hii nikauacha mkono pale mpaka nikaridhika.